Pini Ina Kichwa, Haina Akili

Kitendawili!

Nimesikia sauti moja tu ikisema "Tega". Wengine macho yenu yako kwenye simu. Haya, natega hivyo hivyo: kina kichwa, hakina akili.

Mbuzi? Hapana. Mbuzi ana akili ya kutosha kusubiri mwenye shamba aende msikitini ndipo aingie kwenye mihogo. Nyundo? Umekaribia, lakini si nyundo. Mmeshindwa, nipeni mji. Kampala? Kampala nimepewa mara nyingi, foleni zake zimenichosha. Nipeni Arua. Haya, asanteni. Nilikwenda Arua, nikashuka kwenye kituo cha mabasi, nikala enyasa kwa mboga ya osubi mpaka nikasahau nilichofuata, kisha nikapanda boda kuelekea kusini hadi Kuluva, penye hospitali ya zamani ya misheni. Huko ndiko nilikokuta jibu langu. Jibu ni pini.

Pini ina kichwa kidogo kinachong'aa na ncha kali, basi. Akili hutiwa na yule anayeichomeka. Leo nina pini za aina mbili: za chuma, zilizochomekwa kwenye ramani zaidi ya miaka 60 iliyopita, na zile mnazochomeka ninyi kwenye simu kila mnapokutana na ukurasa wa kupendeza. Tuanze na za chuma, kwa sababu ndizo zitakazotufundisha kutumia hizi nyingine.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa wodini na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto mmoja. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pande zote, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt alikuwa mzaliwa wa Ireland, na alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza alipokuwa mvulana. Alimtazama mtoto, asijue ni ugonjwa gani. Muda si mrefu akawa katika hospitali ya Jinja, na huko akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mtoto wa kwanza angeweza kumsahau. Wa pili alimkosesha usingizi.

Akaanza kupekua majalada, na mwaka 1958 akaandika makala kuhusu uvimbe huo wa watoto. Lakini swali moja lilikuwa limebaki: ugonjwa huu uko Uganda peke yake, au uko na kwingine? Hakukuwa na intaneti. Hakukuwa na kundi la WhatsApp la madaktari. Ruzuku aliyoanzia nayo ilikuwa ya pauni 25. Akachapisha vipeperushi karibu 1,000 vyenye picha za ugonjwa, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza jambo moja: huko kwenu mnauona?

Barua zikaanza kurudi. Burkitt alikuwa na ramani ya Afrika ukutani ofisini mwake. Kila hospitali iliyojibu kwamba imeuona ugonjwa ule, akaichomekea pini. Pini moja, mbili, kumi. Kadiri zilivyoongezeka, umbo likaanza kujitokeza: mkanda mpana uliokatisha katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioteremka upande wa pwani mpaka Msumbiji. Hakuna barua hata moja iliyotaja mkanda. Kila daktari alikuwa anajua wadi yake tu. Mkanda ulionekana pale pini zilipokaa pamoja kwenye ukuta mmoja.

Sasa tazameni alichofanya baadaye, maana hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Hakukaa chini akafurahia ramani yake ilivyopendeza. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, akiwa na madaktari wenzake wawili. Mmoja alikuwa Cliff Nelson. Wa pili alikuwa Ted Williams, daktari wa Kuluva, hapa hapa jirani na Arua. Walisafiri wiki 10, maili zipatazo 10,000, yaani kilomita 16,000, wakipita katika hospitali zaidi ya 50 hadi kusini mwa bara. Na hawakufuata mahali pini zilipojazana. Walifuata mahali zilipokoma. Walitaka kujua: kwa nini hapa upo, na pale mbele kidogo haupo?

Wakakuta kwamba ugonjwa unakoma kwenye nyanda za juu na mahali penye baridi au ukavu. Karibu na ikweta unapotea ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Ukienda kusini, ambako baridi huanza chini zaidi, nao unapotea chini zaidi. Ramani ya namna hiyo hufanana na ramani ya mbu. Watafiti wakaanza kutafuta chanzo. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakagundua kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Leo madaktari wanajua kwamba kirusi hicho na malaria husaidiana kuuleta ugonjwa huo, nao hutibiwa kwa dawa.

Na Kuluva? Ted Williams na ndugu yake Peter, naye daktari, walikuwa na tabia moja ambayo ningependa muwaibie. Waliandika. Mgonjwa wa ugonjwa ule aliandikiwa kwao ni wapi na ugonjwa ulianza lini. Mwaka 1967 Williams na watafiti wenzake walichapisha makala kuhusu wagonjwa wa wilaya ya West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965. Walionyesha kwamba watoto walioishi karibu karibu walielekea kuugua katika vipindi vilivyokaribiana pia. Jambo hilo lilisaidia sana kufikiria chanzo cha ugonjwa. Lisingeonekana kamwe kama daftari lingesema tu "mtoto, taya zimevimba". Mahali na tarehe ndivyo vilivyoipa pini akili.

Basi shikeni hilo, tuingie kwenye simu.

Fungua kivinjari chako. Kuna alama ya nyota. Ukiigusa, ukurasa unaousoma unahifadhiwa ili uupate tena kesho bila kuutafuta upya. Chrome ya Kiswahili inaita kitu hicho alamisho, na ni neno zuri: linatokana na alama, kama karatasi unayoiacha kati ya kurasa za kitabu. Alamisho ni pini ya kwanza kabisa. Tatizo lake ni kwamba inakaa kwenye simu yako peke yako, na ukishaweka 200 hujui tena ipi ni ipi.

Mwaka 2003 Mmarekani aitwaye Joshua Schachter alianzisha tovuti ya Delicious. Wazo lake lilikuwa kwamba alamisho zikae mtandaoni, uzifikie kwa kompyuta yoyote, na watu wengine waone ulichohifadhi kama umewaruhusu. Na badala ya kuziweka kwenye mafaili, kila moja uipe lebo, yaani neno moja au mawili ya kuitambulisha.

Tofauti ya faili na lebo mtaielewa sokoni Arua. Gunia la muhogo linakaa kwenye kibanda kimoja tu. Hilo ndilo faili. Lakini mnunuzi wa Kiswahili anauliza muhogo, Mlugbara anauliza gbanda, mtu wa Kampala anauliza muwogo, na bwana shamba anaandika Manihot esculenta kwenye karatasi yake. Gunia ni lile lile. Majina manne yanaleta wanunuzi wanne. Hizo ndizo lebo. Ukiupa ukurasa lebo moja, utaupata kwa njia moja. Ukiupa lebo tatu nne, likiwemo jina la lugha ya nyumbani, utaupata hata siku ile umesahau umeuitaje.

Baada ya Delicious wakaja wengine wengi. Pinboard ilianza mwaka 2009, maneno matupu bila mapambo, kwa watu wanaopenda orodha. Pinterest ikaja mwaka 2010 na picha, na ndiyo iliyowazoesha watu neno "kupini". Padlet, ambayo zamani iliitwa Wallwisher, ni ubao mtupu: mwalimu anautuma kwa kiungo, kila mwanafunzi anabandika kikaratasi chake chenye maneno, picha, sauti au kiungo, na wote mnaona kwa wakati mmoja. Wakelet inapanga viungo vikafuatana kama kurasa. Majina yatabadilika, mkishakuwa watu wazima huenda hamtakuta hata moja. Kazi ni ile ile ya ramani ya Burkitt: kukusanya vitu vilivyotawanyika viketi kwenye ukuta mmoja ili uone umbo.

Tufanye mfano. Tuseme wanafunzi watano wa kidato cha pili, S.2 kama tunavyosema huku, wako Koboko. Mtaala mpya wa sekondari za chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unataka wafanye miradi, si kukariri tu. Wamechagua swali: kwa nini majani ya mihogo ya nyumbani yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano?

Siku ya kwanza wanabandika kwa fujo, kama sokoni. Pini ya kwanza inasema adui wa muhogo Uganda ni batobato, ugonjwa ulioenea kwa kasi miaka ya 1990, ukisonga mbele kilomita 20 hadi 30 kila mwaka na kuacha njaa nyuma yake. Pini ya pili inasema adui ni michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana bado mazima. Pini ya tatu ni picha ya jani la muhogo, nzuri ajabu, rangi zinang'aa. Pini ya nne ni sauti ya bibi wa mmoja wao, aliyerekodiwa akieleza aina za mihogo zilizokuwapo zamani na zilivyokwisha.

Ubishi ukaanza. Pini ya kwanza na ya pili, ipi inadanganya? Mmoja akasema tufute ya kwanza. Mwingine akasema tufute ya pili. Wangekuwa wameandika tarehe, ubishi usingekuwapo. Ya kwanza ilizungumzia miaka ya 1990, ya pili ilizungumzia miaka ya karibuni, michirizi ya kahawia iliposambaa na watafiti wakalazimika kutafuta mbegu inayostahimili magonjwa yote mawili. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, lilitoa mbegu iitwayo NAROCASS 1. Hakuna aliyedanganya. Pini mbili za miaka tofauti ziliwekwa bega kwa bega kana kwamba zote ni za jana.

Na ile picha nzuri? Wakaitafuta ilikotoka, wasipate. Ilikuwa imepiniwa na mtu aliyeipini kutoka kwa mtu aliyeipini kutoka kwa mtu. Huenda jani lile lilikuwa Nigeria, huenda Brazil, huenda halijawahi kuota popote kwa sababu siku hizi mashine nazo huchora majani. Mbao za picha zina hatari hiyo: picha husafiri haraka kuliko jina la mwenyewe. Picha usiyojua ilikotoka haiwezi kuwa ushahidi, hata ikipendeza namna gani. Bora utoke nje, upige picha jani la shambani kwenu, uandike "Koboko, Juni, baada ya mvua". Halitang'aa vile, lakini litakuwa limesema jambo.

Kwa hiyo nawapa maneno manne ya kuandika chini ya kila pini. Wapi: umekitoa wapi, na kinazungumzia mahali gani. Lini: kiliandikwa mwaka gani. Nani: ni taasisi ya utafiti kama ile ya Abi iliyo karibu na Arua, ni gazeti, ni muuza dawa anayetaka ununue, au ni bibi yako. Kwa nini: wewe umekihifadhi kwa sababu gani. Hilo la nne ndilo watu wanaloliruka, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Pini yenye akili inasomeka hivi: "Kinaeleza jinsi inzi weupe wanavyobeba batobato kutoka mmea hadi mmea. Nimekihifadhi kwa ajili ya sehemu ya pili ya mradi. Sijaelewa: je, wanaruka kutoka upande wa Congo?" Mwalimu akisoma hapo anajua umefikiri nini, na anajua pa kukusaidia.

Ona pia ile sauti ya bibi. Yeye hana tovuti, lakini amekaa kwenye ubao mmoja na watafiti, ana "wapi" yake na "lini" yake. Akisema mbegu fulani ilipotea mwaka ule barabara ilipokuwa mbovu na soko likafungwa, hilo huwezi kulikuta Pinterest.

Sasa niwaonye kuhusu ugonjwa mwingine, na huu hauhusu mihogo. Unaitwa kubandika bila kusoma. Nao ni mtamu. Unaona makala ndefu, unaigusa nyota, moyo unatulia kana kwamba umeshaisoma. Kesho tena. Mwezi ukiisha una pini 300 na kichwa kitupu. Sasa hata wewe una kichwa bila akili, umekuwa kitendawili changu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nami sibishani nao. Naongeza tu kwamba kibaba kikijaa unga usiopikwa, watu watalala na njaa pembeni yake. Wekeni siku moja kwa wiki, tuseme Jumamosi jioni, ya kupitia ubao. Soma ulichohifadhi. Kilichokufaa, kiandikie mistari miwili kwa maneno yako. Kisichokufaa, king'oe. Ubao wenye pini 12 zilizosomwa unashinda ukuta uliojaa mpaka hauonekani.

Jambo jingine ni umeme na mtandao. Ninyi wa West Nile sina haja ya kuwaeleza sana. Kwa miaka mingi eneo hili halikuunganishwa na gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta, na kuanzia 2012 kwa bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5. Shule nazo zilifungwa kwa ajili ya korona mwezi Machi 2020 na hazikufunguka kwa wote mpaka Januari 2022. Katikati ya kipindi hicho, Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahifadhia wajukuu masomo kwenye simu yangu, kila moja na nyota yake, nikajiona mjanja. Siku moja niliinama kuchota maji, simu ikateleza mfukoni, ikazama ndani ya pipa. Ikaenda na nyota zake zote.

Hapo nikajifunza kwamba pini ni kidole kinachoelekeza nyumba; si nyumba yenyewe. Mtandao ukikatika, kidole kinaelekeza gizani. Kwa hiyo kile unachokihitaji kweli, kipakue wakati mtandao upo na bando lipo. Vivinjari vingi, Opera Mini na Chrome vikiwemo, vinaweza kuhifadhi ukurasa usomeke bila mtandao. Kuna Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu au kadi ya kumbukumbu. Kuna Kolibri, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: mwalimu anapakua masomo mara moja kwenye kompyuta moja, kisha wanafunzi wanayafungua darasani bila kutumia hata senti ya bando. Tena msisahau daftari. Andika anwani ya ukurasa na yale maneno manne kwa kalamu. Daftari halihitaji chaji, na likiloa maji unalianika.

Kuta za mtandaoni nazo huanguka. Delicious niliyowasimulia iliuzwa na kuuzwa tena, mpaka mwaka 2017 ikanunuliwa na Pinboard, na watu wakabaki kutazama alamisho zao za zamani bila kuongeza mpya. Pocket, iliyotumiwa na watu wengi kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa na Mozilla mwezi Julai 2025. Waliopakua orodha zao mapema walihama nazo. Waliochelewa walilia. Karibu kila chombo cha namna hii kina kitufe cha kupakua nakala ya vitu vyako vyote. Kitafuteni siku ya kwanza, kama mgeni anavyoangalia mlango wa pili wa nyumba kabla hajalala.

Tukirudi kwenye ubao wa pamoja, una adabu zake. Koboko ni mji wa mipakani. Kule Salia Musala, Uganda, Sudan Kusini na Congo zinakutana mahali pamoja. Darasa moja linaweza kuwa na mtoto anayeota ndoto zake kwa Kikakwa, mwingine kwa Kinubi, mwingine kwa Kiarabu cha Juba, na mwingine aliyefika na wazazi wake kutoka Congo wakaishi makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mtoto huyo huenda familia yake ilikimbia watu ambao bado wanawatafuta. Ukibandika picha yake akicheka, na jina lake, na jina la shule, kwenye ubao ambao dunia nzima inaweza kuufungua, umefanya kosa ambalo kulifuta hakutoshi. Kwa hiyo ubao wa darasa ufungwe, afungue mwenye kiungo au nywila tu. Watu wasibandikwe bila idhini yao. Padlet humruhusu mwalimu kukagua kila kikaratasi kabla hakijaonekana. Atumie nafasi hiyo.

Na mwenzako akibandika kitu chenye makosa, usikichane, na usimcheke. Bandika swali pembeni: umeipata wapi hii? Burkitt naye alitumia njia hiyo. Kila pini yake ilianza na swali aliloweka kwenye bahasha, na kila jibu lilitoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake mahali ambapo Burkitt alikuwa bado hajafika.

Wale watano wa Koboko, ubao wao ukoje sasa? Wamepanga pini kwa miaka, kuanzia za zamani kushoto. Wameona kwamba miaka ya 1990 ina pini nyingi kuhusu kusini na katikati ya Uganda. Wameona za Arua chache. Wakatafuta Koboko, kijiji kwa kijiji. Wakatafuta majina ya mihogo kwa Kikakwa. Wakageuza lebo, wakajaribu Kiswahili, wakajaribu Kiingereza, wakajaribu jina la kisayansi. Upande wa kulia wa ubao ukabaki mweupe.

Mmoja wao akakasirika, akasema mradi umeharibika, tubadilishe mada tuchukue mahindi, mahindi yana kurasa nyingi. Msichana aliyemrekodi bibi yake hakujibu. Alibandika kikaratasi kwenye ule weupe, bila picha, bila kiungo. Kwenye "wapi" aliandika majina ya vijiji vitatu. Kwenye "lini" aliandika Jumamosi ijayo. Kwenye "nani" aliandika majina ya wazee wanne, kisha akayafuta, akaandika "wazee wanne, tutawaomba ruhusa kwanza". Kwenye "kwa nini" akaacha alama ya kuuliza.

Jumamosi imefika, nao wameazima baiskeli. Sitawasubirisha, wala ninyi sitawakalisha zaidi. Nina kitendawili kimoja cha kuagia.

Kitendawili!

Kipo ukutani, hakina kichwa wala ncha, hakuna aliyekichomeka. Lakini ndicho kilichowafanya madaktari watatu wawashe gari, na watoto watano waazime baiskeli.

Mkishindwa, nipeni Koboko. Ila leo nadhani nitaondoka bila mji.